Tangi la pili la dizeli kwenye pikapu inayovuta tela: nilivyofunga langu hapa Tabora

Naishi Isevya, Tabora mjini, na kazi inayonilisha ni kuvuta tela. Wafugaji wa nyuki wakitundika mizinga nawapelekea mizinga, wakirina nabeba ndoo za asali na nta, na kiangazi kikikaza nawapelekea maji ya kambi. Gari langu ni Hilux ya kebini moja, injini ya dizeli ya lita 2.5. Tela ni la ekseli moja, likishiba linafika kilo 1,500. Njia yangu kubwa ni ya kusini: Sikonge, Ipole, Koga, kuelekea Inyonga, kisha naiacha lami naingia kwenye misitu ya miyombo ambako hakuna sheli wala mtandao wa simu.

Safari moja ya kambi hunichukua siku nane mpaka kumi. Watu huniuliza kwa nini nimehangaika na tangi la pili wakati vijijini mafuta yanauzwa. Ni kweli yanauzwa, yamo kwenye madumu ya njano mbele ya maduka. Kuna mara moja nilinunua dumu zima, roho ikawa nzito, nikajaza chupa moja ya lita moja na nusu nikaisimamisha juu ya kichuguu usiku kucha. Asubuhi, chini ya chupa palikuwa na maji yenye kina cha vidole viwili, yametulia kabisa, na juu yake utando wa kijivu kama maji yaliyooshewa mchele. Dizeli yenyewe ilikaa juu, inang'aa. Ukitazama dumu kwa mdomo wake huwezi kujua lolote. Injini za dizeli za siku hizi zinasukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno, na nozo zake za kupulizia mafuta zina matundu membamba kama unywele. Maji yale yangepita filta, ningenunua nozo nne, na bei ya nozo nne ni faida yangu ya msimu.

Ndiyo maana nikaamua mafuta yangu nitayatoa mjini, kwenye sheli ninayoiamini, niende nayo na kurudi nayo. Ninayoandika hapa ni namna nilivyofanya, pamoja na kosa lililonilaza barabarani, ili wewe usilirudie.

Anza na hesabu, usianze na chuma

Kosa ninaloliona kwa madereva wengi ni kwenda kwa fundi na kumwambia, "Nitengenezee tangi kubwa." Kubwa kiasi gani? Hajui. Anatoka na lita 200, gari limekaa matako chini, na nusu ya mafuta yale anayatembeza tu kutoka Tabora mpaka Mpanda na kurudi. Tangi la pili ni la kuziba pengo, na pengo lazima ulipime kwanza.

Jaza fulu, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, funga tela likiwa na mzigo wako wa kawaida, tembea. Ukirudi jaza fulu tena kwenye pampu ileile, uone zimeingia lita ngapi. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo walau mara tatu, na upime lami mbali na pori mbali, kwa sababu ni vitu viwili tofauti. Gari langu bila tela linanipa kilomita 11 kwa lita. Nikifunga tela lenye mzigo, lami inanipa 7. Nikiingia porini, kwenye mchanga na mbuga nyeusi, gia ya pili na ya tatu kutwa nzima, zinabaki 5. Usichukue namba zangu, pima za kwako. Tela lenye boksi refu linalokamata upepo linakula kuliko tela la chini lenye uzito uleule.

Safari yangu ndefu ni hii: lami kilomita 420 kwenda na kurudi, pori kilomita 350 pamoja na kuzunguka kambini. Lami, 420 gawanya kwa 7, lita 60. Pori, 350 gawanya kwa 5, lita 70. Jumla 130. Juu yake naongeza moja ya tano kwa ajili ya kupotea njia, kukwama, au daraja kukatika nikazunguka: lita 26. Zinakuwa 156. Tangi la gari linabeba lita 80, lakini zile 8 za mwisho sizihesabu, maana chini kabisa ndiko takataka zinakokaa na pampu inaanza kuvuta hewa kwenye mteremko. Nina 72. Pengo langu ni lita 84. Mimi nilikuwa nimepania lita 150. Hesabu ikanirudisha kwenye 90.

Vipimo vya tangi ni rahisi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Langu ni sentimita 100 kukingama bodi, 25 kwenda nyuma, 36 kwenda juu. Hiyo ni lita 90. Usilijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya sehemu tano katika mia, kwa sababu dizeli ikipata joto inavimba. Ukijaza asubuhi yenye baridi, jua la saa nane likipiga chuma, lita 90 zinaweza kuongezeka kwa lita moja na zaidi, na hiyo lita itatafuta pa kutokea. Kwa hiyo ninazobeba kweli ni 85 hivi.

Uzito, na mahali pa kuliweka

Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840. Lita 85 ni kilo 71. Tangi lenyewe la chuma cha milimita 2 pamoja na kuta zake za ndani ni kilo 25. Ongeza bolti na vibao, sema kilo 100. Sasa weka kwenye mizani ya gari zima: watu wawili kilo 150, tangi 100, na tela. Wengi wanasahau kwamba tela halivutwi tu, linakalia gari pia. Kwa kawaida sehemu kumi katika mia ya uzito wa tela inaangukia kichwa cha kuvutia. Tela langu la kilo 1,500 linaweka kilo 150 pale nyuma. Tayari ni 400 kabla hujapakia hata ndoo moja ya asali. Tafuta kibao cha gari lako, ubavuni mwa mlango au kwenye kitabu chake, uone uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari likiwa limeshiba na kwa kila ekseli, utoe hizo kilo, ndipo ujue bodi limebakiwa na nini. Ukiona haitoshi, punguza mzigo. Usikimbilie kuongeza springi, maana springi inanyanyua bodi tu. Breki, ekseli na chesisi vinabaki vilevile.

Mahali pake ni mgongoni mwa kebini, mbele ya ekseli ya nyuma. Hapa nasisitiza. Kichwa cha tela kiko nyuma ya ekseli, kinakandamiza mkia na kunyanyua pua ya gari kama mtu anayekalia ncha ya benchi. Tangi ukiliweka nyuma karibu na mlango wa bodi unamsaidia yule anayekalia ncha. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinaangaza matawi ya miti badala ya barabara, na tela likianza kuyumba kwenye mteremko magurudumu ya mbele hayana uzito wa kulirudisha. Tangi likiwa mgongoni mwa kebini, sehemu ya uzito wake inakwenda mbele, panapohitaji.

Aina gani

Ipo njia ya kubadilisha tangi la chini la kiwanda na kuweka kubwa zaidi. Australia yako makampuni yanayotengeneza matangi ya namna hiyo kwa Hilux na Land Cruiser, na ni kazi safi: uzito uko chini, bodi linabaki wazi. Kama una fedha ya kuagiza na kulipia ushuru, chukua hiyo, usisome zaidi.

Njia nyingine ni tangi la pili lenye koki ya kuchagua, injini ivute hili au lile. Mafundi wetu wanaipenda, mimi siipendi. Injini ya dizeli haichomi mafuta yote inayovuta. Sehemu kubwa inarudi kwenye tangi kwa paipu ya pili. Ukibadilisha njia ya kuvuta bila kubadilisha na njia ya kurudi, injini inavuta tangi la bodi na kurudisha kwenye tangi la chini, mpaka la chini linafurika na kumwaga barabarani. Inahitaji koki inayobadilisha njia zote mbili kwa pamoja, na koki hiyo ikivuja hewa gari halishiki.

Niliyochagua mimi, na ninayokushauri, ni tangi la kuhamishia. Halina uhusiano wowote na injini. Kazi yake ni kujaza tangi la chini ukiwa safarini. Likiharibika, gari lako bado ni gari.

Haya yote ni kwa dizeli. Petroli usiijaribu. Dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, lakini petroli inatoa mvuke huo hata kwenye baridi, na cheche ya swichi inatosha. Waliokufa kwa moto wa petroli pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 walizidi 100. Sitaki tangi la petroli la kuchomelewa mtaani liwe mgongoni mwa kebini ya mtu yeyote.

Kulichomelea

Nenda na chuma kipya. Fundi akikwambia ana pipa zuri alilolitoa kwa mtu, akate akuundie, kataa. Pipa lililowahi kuwa na mafuta linabaki na mvuke ndani, na moto wa kuchomelea ukiugusa linalipuka hata kama limekaa mwaka mzima tupu. Kataa pia mabati meupe na mabomba meupe ya maji. Ule weupe ni zinki, na zinki ikikaa na dizeli inazaa kitu kama sabuni laini kinachokwenda kuziba filta. Shaba nayo inaharibu mafuta. Chukua chuma cheusi cha milimita 2, au aluminiamu ya milimita 3 kama unaye fundi anayeimudu. Ndani usipake rangi, dizeli yenyewe italinda. Nje paka rangi ya msingi, kisha rangi.

Ndani weka kuta mbili za kukingama, tangi liwe na vyumba vitatu. Bila hizo, lita 40 zilizobaki zinakimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kila ukikata kona, na gari lenye tela halitaki msukumo wa namna hiyo. Kata pembe za kila ukuta: za chini mafuta yapite, za juu hewa ipite. Pembe moja ya chini weka plagi ya kumwagia uchafu. Njia ya kutolea mafuta iwe juu, kwa bomba linaloshuka ndani mpaka sentimita 2 kutoka sakafuni. Mpira ukikatika, tangi halitamwagika lote, na zile sentimita 2 za chini ni makazi ya maji na mchanga. Kifuniko kiwe cha kufunga kwa ufunguo.

Fundi aliyenitengenezea tangi ninalotumia sasa ni mzee wa Ng'ambo, na siku ya kulipima nilikaa naye mwanzo hadi mwisho. Aliziba matundu yote, akaacha moja lenye valvu ya tyubu ya baiskeli. Akakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akapaka kila mshono kwa brashi ya kunyolea. Kisha akapiga pampu ya baiskeli mara chache tu, akiweka kiganja ubavuni mwa tangi aone kama limeanza kutuna.

"Usilijaze upepo kama tairi, mwanangu," akaniambia. "Hili lina mbavu bapa, litapasuka."

Tukatazama. Mshono wa mbele safi. Wa nyuma safi. Kwenye pembe, pale ambapo mishono mitatu inakutana, povu likaanza kutoa kipovu kimoja, kidogo kama kichwa cha kiberiti, kikakua polepole, kikapasuka, kikaanza kingine. Alikizungushia chaki, akatoa upepo, akachomelea, akapaka sabuni upya. Kilirudi sentimita moja pembeni. Alirudia mara tatu mpaka povu likakauka juu ya mshono bila kutikisika. Tundu lile lisingeonekana kwa macho, lakini kwa siku kumi za barabara mbovu lingelowesha sakafu nzima ya bodi, na juu ya sakafu hiyo napakia chakula cha watu.

Likishakuwa zima, mimina lita 5 za dizeli, litikise, limwage kupitia kitambaa cheupe. Mara ya kwanza langu lilitoa vishanga vyeusi vya kuchomelea na vumbi la grenda. Nilirudia mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Mara nne.

Pumzi ya tangi

Hapa ndipo nilipoumia. Tangi langu la kwanza, lililotengenezwa na fundi mwingine, halikuwa na bomba la pumzi. Kifuniko kilikuwa na kitundu cha msumari, tukaona kinatosha. Nilikuwa natoka kambini na mjomba wangu, tela limejaa asali, tumefunika bodi zima kwa turubai, na turubai likalala juu ya kifuniko. Nilikuwa na tabia ya kusubiri tangi la chini likaribie kuisha ndipo nihamishe. Tulipopita Koga giza limeshaingia, taa ya mafuta ikawaka, nikabonyeza swichi. Pampu ikaanza vizuri. Dakika chache baadaye sauti yake ikapanda, ikawa nyembamba kama mbu, na nyuma yetu tukasikia pigo moja zito, kama mtu amepiga sufuria kubwa kwa ngumi. Pampu ikanyamaza. Haikuwaka tena.

Tuliendelea kilomita kadhaa kwa matumaini, gari likazima. Tela likabaki nusu kwenye lami, nusu kwenye majani. Mjomba alimulika tochi, akanyanyua turubai. Ubavu wa tangi ulikuwa umeingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno. Mafuta yalitoka bila hewa kuingia mahali pake. Alipolegeza kifuniko, hewa ilifyonzwa kwa mlio mrefu.

"Mjomba," akasema taratibu, "hiki kitu kilikuwa kinakosa pumzi, na sisi tumekikalia."

Tulifungua plagi ya chini, tukakinga kwa ndoo ya asali, tukachuja kwa khanga, tukamimina lita 20 tangi la chini. Kisha ile kazi ya kutoa hewa: kupampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka kidole gumba kihisi ugumu, jaribu stata, pumzisha betri, pampu tena. Tuliondoka saa saba usiku. Malori mawili yalitupita karibu mno, na katika maisha yangu ya barabara usiku ule ndio uliowahi kunitisha.

Kwa hiyo: bomba la pumzi, lenye tundu la milimita 8 au zaidi, litoke juu kabisa ya tangi, lipande mgongoni mwa kebini mpaka juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, lipinde kama fimbo ya mwavuli litazame chini, na mwishoni lifungwe kichujio kidogo cha kuzuia vumbi. Turubai lisiweze kulifikia. Kama unaweza kupata valvu inayojifunga gari likipinduka, iweke hapo.

Kulifunga kwenye bodi

Kilo 100 zikisimama ghafla kwa mwendo wa 80 hazibaki kilo 100. Bati la bodi peke yake haliwezi kuzizuia. Bolti nne za milimita 12 zipite sakafu ya bodi ziende kwenye vyuma vya kukingama chini yake, kila moja na kibao cha chuma cha upana wa kiganja, na nati zenye nailoni zisizolegea kwa mtikisiko. Kabla ya drili, lala chini uangalie kinachopita: paipu ya breki, nyaya za taa za tela, tangi lenyewe la gari. Kati ya tangi na sakafu weka vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Kama kuna chochote cha kuchomelea kwenye gari, toa vichwa vya betri kwanza, vinginevyo umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya injini. Mwisho funga waya mnene kutoka tangi mpaka chesisi, ili umeme unaozaliwa wakati wa kujaza usiruke kama cheche.

Pampu, mpira na koki

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, usikate chochote. Nunua pampu ya dizeli ya volti 12 yenye mpira mrefu na bomba la kujazia, simamisha gari, jaza tangi la chini kwa mdomo wake kama ungekuwa sheli. Mimi niliendesha hivyo msimu mzima na sikuona hasara. Usumbufu wake ni kusimama tu.

Ukitaka kuhamisha ukiwa unatembea, unaunga kwa kiungo cha njia tatu kwenye mpira mpana unaotoka mdomo wa kujazia kwenda tangi la chini. Muungo uwe juu ya usawa wa mafuta, na klipu mbili kila upande. Mpira uwe wa mafuta hasa, umeandikwa hivyo ubavuni. Ule wa maji, hata ukiwa mzuri namna gani, unalainika na kuvimba. Uepushe na egzosi na shafti ya difu, na unapopenya bati uvalishe raba, bati la bodi ni kisu.

Pampu iwe ya dizeli, siyo ya maji. Kabla yake weka filta ya kioo inayoonyesha maji. Waya wake utoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, uende kwenye swichi inayofanya kazi ufunguo ukiwashwa tu, na taa nyekundu mbele ya macho yako. Taa hiyo usiiache, maana pampu huisikii ukiwa na mngurumo wa injini.

Kitu kimoja kinachowashangaza wengi: tangi la bodi liko juu kuliko la chini, kwa hiyo mafuta yakishaanza kupita yanaendelea yenyewe hata pampu ikizimwa. Unalala kambini, unaamka unakuta dizeli inatiririka kwenye tairi la nyuma. Weka koki, ya mkono au ya umeme inayofunguka pamoja na pampu. Yangu ni ya mkono, na ufunguo wa gari hauingii mfukoni mwangu kambini kabla mkono haujaigusa.

Kabla ya safari, pima pampu yako: elekeza mpira kwenye dumu la lita 20, tazama saa. Yangu inajaza kwa dakika 10, yaani lita 2 kwa dakika. Geji ya tangi la chini ikifika nusu, najua kuna nafasi ya lita 40, nahamisha kwa dakika 15 tu, lita 30, nazima. Siku zote naacha nafasi.

Na anza kuhamisha mapema. Usifanye nilivyofanya Koga. Geji ikigusa nusu kwa mara ya kwanza, hamisha. Kama pampu ina hitilafu, utaigundua ukiwa na nusu tangi na sheli iko nyuma yako, si usiku ukiwa na taa inayowaka. Tena unapoteremsha mafuta ya juu mapema, gari linatulia.

Mwambie wa bima kwamba umeongeza tangi, iandikwe. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe kwenye kebini, usiuweke chini ya mizigo. Na mafuta hayo ni ya gari lako. Mtu akikwama, msaidie, lakini ukianza kupimia watu kwa bei unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia biashara ya mafuta, kama sheli yoyote.

Safari ya kwanza funga tela lakini usiende mbali. Mimi nilikwenda Sikonge na kurudi. Pale Sikonge nililala chini nikashika kila bolti kwa spana: mbili zilikubali robo mzunguko, kwa sababu mpira wa tairi chini ya tangi ulikuwa umebonyea. Niliporudi Tabora nikazishika tena, hazikusogea. Sasa kila baada ya safari mjomba analegeza plagi ya chini, anakinga kikombe cha mafuta kwenye chupa ya kioo, anaisimamisha dirishani. Asubuhi tunaitazama kwenye mwanga. Safari iliyopita palikuwa na tone moja la maji, limekaa chini kama ushanga. Tuliendelea kumwaga mpaka chupa ya pili ikakaa usiku mzima bila tone.